Alama za Jumanne

Mwaka ule ukame ulikomba bonde zima, hata viboko wakawa wanaoga vumbi. Watoto wa wanyama walikwenda shule kwa sababu moja kubwa: uji wa saa nne.

Hata hivyo, mitihani iliwashinda. Mwalimu mkuu Simba, aliyependa sauti yake kuliko kengele, akanguruma, "Wavivu hawa! Wakiendelea hivi hadi Ijumaa ijayo, shule naifunga. Darasa litakuwa chumba changu cha kulala."

Mwalimu Sungura roho ilimuuma, maana aliwapenda watoto wale. Akafungua daftari la alama, akachora mstari wa alama za kila siku. Lo! Jumatatu na Jumatano walifaulu. Jumanne na Alhamisi, watoto wale wale waliboronga.

"Jumanne huwa mnaumwa nini?" akamuuliza mwanafunzi wake Digidigi.

"Njaa, Mwalimu. Mjomba Fisi akiwa zamu jikoni hutuambia tufumbe macho tuombe. Tukifumbua, sufuria kavu."

"Naye husemaje?"

"Husema malaika wamekunywa."

Sungura hakumsema mtu bado. Alimwomba Fisi abadilishane zamu na mpishi mwenzake Nyani: Fisi apike Jumatatu, Nyani Jumanne. Fisi akakubali upesi, kwani kwake uji ni uji. Jumatatu watoto wakaanguka. Jumanne wakafaulu wote, hata Kima asiyejua kutulia.

Sungura akampelekea Simba mistari yake.

"Jumatatu ni siku nzito tu, mkuu," Fisi akadakia kutoka mlangoni, akijilamba kidevu.

"Mimi vijistari sivielewi," akasema Simba. "Alhamisi nitapanga foleni mwenyewe."

Alhamisi Simba akasimama mbele ya watoto na bakuli lake. Fisi alijua kabisa kwamba leo si siku ya mchezo, lakini harufu ikamzidi nguvu. "Tufumbe macho tuombe!" akaimba. Simba akafumba. Alipofumbua, sufuria ilikuwa kavu na Fisi ana uji hadi kwenye nyusi.

"Malaika, mkuu..."

"Malaika wamekunywa uji *wangu*?" Simba akanguruma hadi sufuria ikabingirika. "Shule haifungwi! Nilijua zamani kuwa tatizo ni jiko. Nyani, chukua mwiko. Na wewe Fisi, ingia darasani ufanye mtihani na wenzako!"

Siku ile Fisi peke yake ndiye aliyeshiba, na Fisi peke yake ndiye aliyepata sifuri. Sungura akaiandika daftarini, ingawa ilimharibia mstari wake wote.