Baraka Mlangoni pa Lumbizi

Tumepokea kwa waliotutangulia kwamba Jumapili ile, katika mwaka wa pili wa vita vya Wajerumani na Waingereza, kanisani Lumbizi walikuwapo hawa: Mchungaji Zefania Mkomwa, aliyeongoza ibada, mjane Tabitha binti Semvua, wanawe wawili, Yosia na Hosea, katika benchi la mbele, na waumini wapatao thelathini, wengi wao wanawake, kwa kuwa wanaume walikwisha kuchukuliwa upagazi, kulibebea jeshi mizigo. Nje alikuwapo Jumbe Kibanga, na askari wawili wenye kamba.

Jumbe hakuwa Mkristo, lakini aliogopa kukatiza dua ya mtu yeyote. Alisimama kizingitini akasema, "Mchungaji, salini. Ukishatoa baraka, vijana hawa wawili ni wangu."

Zaburi ikaimbwa, mahubiri yakatolewa. Ilipobaki baraka, Tabitha akasimama.

"Baba Mchungaji, usiitoe. Bila baraka ibada haijaisha. Tuimbe."

Wakaimba. Waliimba hata nyimbo za Krismasi, na ulikuwa mwezi wa Julai. Jua likapita utosini, watoto wachanga wakalia kwa joto. Jumbe akacheka huko nje: "Enyi watu wa Lumbizi! Mungu wenu ni kiziwi, au mmeusahau wimbo wa mwisho?"

Ilipofika alasiri, Mchungaji Zefania akafunga kitabu chake.

"Mama Yosia, tumeigeuza baraka kuwa komeo la mlango. Tunamwambia Jumbe kwamba tunasali, na tangu adhuhuri hakuna anayesali humu. Huo ni uongo."

"Na wanangu, Baba?"

"Kamba anayo, leo au kesho. Baraka haikuwekwa ili tubaki ndani. Ni Mungu kuliweka jina lake juu ya watu wanaotoka. Nikiizuia, wanao watatoka bila jina hilo."

Tabitha akawashika wanawe mikono, akawasimamisha. "Basi itoe kwa sauti kubwa. Na huyo wa nje asikie ni watu wa nani anaowafunga."

Mchungaji akaenda mlangoni, akaufungua wote, akainua mikono. Akawatakia watu ulinzi wa Mungu, na nuru ya uso wake, na amani. Askari mmoja akavua kofia.

"Timiza amri yako, Jumbe," akasema Mchungaji. "Lakini hawakuwa wako asubuhi, na si wako sasa. Niandike na mimi."

"Wewe, babu? Mgongo huo utabeba nini?"

"Nusu mzigo. Na kila jioni mizigo ikituliwa, nitaitoa baraka hii."

"Njiani hakuna sala."

"Itakuwako."

Ikawako. Yosia na Hosea walishuhudia ya kuwa msimamizi wa msafara alimchapa Mchungaji mara mbili kwa ajili ya baraka hiyo, naye mara zote mbili aliianza upya tangu neno la kwanza.

Wako waumini siku hizi wanaochukua kofia zao na kutoka kabla ya baraka, wakidhani ni tangazo tu la kwamba ibada imekwisha. Wangewauliza watu wa Lumbizi. Aliyebarikiwa hakuahidiwa njia nyepesi. Ameambiwa ni wa nani, na hakuna kamba inayoweza kulifuta neno hilo.

Yosia na Hosea walirudi nyumbani baada ya miezi minane. Mchungaji Zefania Mkomwa alifariki njiani, siku ya arobaini na moja, kwa kuhara damu.