Sufuria la Bi Mafunda

Sogeeni karibu. Mwenye kitu mdomoni akimalize kwanza, maana mwisho wa maneno haya nitataka jibu, na jibu la mdomo uliojaa silipokei.

Kisiwani Pemba alikuwepo mama mmoja, Bi Mafunda, mpishi wa halua. Mtaani kwao hapakuwa na harusi iliyopita bila sufuria lake la shaba, alilorithi kwa mama yake. Nyumbani aliishi na watu watatu, na kila mmoja alijaaliwa jambo lake. Mwanawe Shaame, mwalimu wa skuli, alijaaliwa kusubiri: mweke kwenye benchi asubuhi, rudi adhuhuri, utamkuta pale pale na bado anatabasamu. Mke wa Shaame, Raya, alijaaliwa kuweka kumbukumbu: haoni kitu ila atakiandika, hata kuku akitaga. Na Mize, binti wa mwisho wa Bi Mafunda, alijaaliwa ulimi: hukwambia neno chungu ukacheka kwanza, ukaumia baadaye.

Bi Mafunda alikuwa na kisukari. Mpishi wa halua lazima aonje, na yeye alikuwa ameonja miaka arobaini. Mwili ulikuwa mzito, macho yameingia ukungu, nyayo zimekufa ganzi. Siku moja, huku anakoroga, alikanyaga kaa la moto, asijue mpaka Raya aliposikia harufu. Kidonda kilipona kwa tabu. Daktari akasema wazi kwamba kikitokea kingine, mguu huenda usipone. Akamwandikia sindano ya mara moja kwa wiki, inayoshusha sukari na uzito pamoja. Bei yake mshahara wa mwalimu hauifikii, kwa hiyo tegemeo lilikuwa bima ya Shaame, ambayo mama yake aliandikishwa humo.

Bima ikakataa. Barua ilikuja na mistari miwili tu, na mwishoni ikasema asiyeridhika akate rufaa ndani ya siku thelathini.

Bi Mafunda aliishika ile barua kama mtu aliyeshika samaki aliyechina, ananuka. "Baada ya miezi mitano Salha anaolewa," alisema. Salha ni mjukuu wake wa kwanza, mtoto wa Shaame na Raya. "Nataka niisimamie halua yake kwa miguu yangu miwili. Atakayenipatia sindano hii, sufuria langu ni lake."

Shaame akatangulia. Alikwenda ofisi ya bima, akaambiwa mhusika hayupo. Akakaa. Siku ya pili akaambiwa mhusika yupo kikaoni. Akakaa. Siku ya tatu mhusika mwenyewe alichoka kumwona, akamwita ndani.

"Mwalimu, ombi lenu limeandikwa uzito juu, kisukari chini," akamwambia. "Dawa ya kupunguza uzito sisi hatulipii. Ya kisukari tunalipia, ila vipimo vya kliniki vya mama yako vizuri. Sita, saba, sita. Mtu wa sukari ya sita anataka sindano ya nini?"

Shaame alirudi nyumbani na maneno hayo, na siku kumi na tisa zimebaki.

Raya alizisikia zile sita, saba, sita. Alikwenda nyuma ya mlango wa jikoni, akaitungua kalenda. Kila alfajiri, baada ya sala, alikuwa akimpima mkwewe kidole, kwa kuwa Bi Mafunda haioni tena namba ya mashine, kisha anaiandika kwa penseli kwenye tarehe yake. Miezi minane hakuruka siku, hata ile aliyokuwa na homa. Kumi na tano. Kumi na saba. Kumi na nne. Wakaipeleka kwa daktari ikiwa bado na masizi pembeni.

Daktari aliitazama sana. Mtaani kwao hakukuwa na kile kipimo cha damu kinachosoma sukari ya miezi mitatu, kwa hiyo alikuwa na mawili tu mbele yake: kalenda na faili. "Kalenda inasema kumi na saba mwezi mzima, kliniki ikikaribia inashuka hadi sita, kama faili," akasema. "Siwezi kuandika barua ya rufaa yenye kusema yote mawili. Bibi, hebu nieleze."

Bi Mafunda akatazama dirishani. Wakarudi nyumbani bila barua.

Sasa nami nikuelezeni alichokificha. Kila kliniki ikikaribia, Bi Mafunda alikuwa anakaa siku nne kwa mchunga, ile mboga chungu ya majani, wa kuchemsha na bamia tupu. Halua haonji, chai ya sukari haigusi, wali hauangalii. Aliisafisha sukari yake kama watu wanavyofagia ua wakisikia wageni wanakuja. Akishapimwa na kusifiwa, anarudi kwenye sufuria lake. Nawaona mnacheka, na wengine humu mna mama zenu wanaofanya vivyo hivyo.

Mize alimkuta jikoni anachambua mchunga.

"Mama, kliniki lini?"

"Keshokutwa."

"Basi huo mchunga ni wa daktari. Mpelekee ale mwenyewe."

Bi Mafunda akacheka mpaka akashika ubavu. Mize naye alicheka, kisha akakaa chini, akauchukua mguu wa mama yake akaupakata.

"Daktari umempata, mama. Umemdanganya vizuri. Na huu mguu umeupata? Kaa la moto lile uliliambia sukari yako ni sita?"

Hapo kicheko kikakatika. Bi Mafunda alijifuta uso kwa ncha ya kanga. "Mwanangu, yule daktari nimempikia mamake halua ya harusi. Nimembeba yule mgongoni. Leo anigombeze mie, kwamba Bi Mafunda hajizuii mdomo wake? Naona haya."

"Nitakaa karibu yako. Akikugombeza, nitamkumbusha aliyekuwa anamfuta kamasi."

Siku ya kliniki Bi Mafunda alikwenda ameshakunywa chai yake ya kawaida, akaeleza yote, mchunga na bamia na siku nne. Daktari hakumgombeza. Alimpima, ikasoma kumi na sita, na palepale akaandika barua mpya: kisukari juu, kalenda nyuma yake, na maelezo ya kwa nini namba zilipingana.

Siku iliyobaki ilikuwa moja. Shaame akaichukua barua, akaenda kukaa kwenye benchi lake. Akaambiwa muhuri haupo, akasubiri muhuri. Akaambiwa mwenye kusaini anakula, akamsubiri ale. Saa tisa na nusu, ofisi ikiwa inafungwa, barua ikapokelewa. Wiki mbili baadaye bima ikakubali.

Mwezi wa tatu wa sindano, Bi Mafunda alishuka kitandani alfajiri, nyayo zikagusa chini, akasema, "Sakafu ina baridi leo." Raya, aliyekuwa ameshika mashine, alikaa chini akalia. Namba ya siku ile ndiyo pekee ambayo hakuiandika.

Ikafika harusi ya Salha. Moto umewashwa, sufuria la shaba limekaa juu yake, Bi Mafunda amesimama kwa miguu yake miwili, anakoroga. Wale watatu wamemzunguka.

"Bila benchi langu, barua ingebaki mkobani," akasema Shaame.

"Bila kalenda yangu, daktari angeandika nini?" akasema Raya.

"Bila mie, mama angekuwa bado anachambua mchunga," akasema Mize.

"Na ile haya niliyoiweka kando mbele ya daktari ilikuwa yangu," akasema Bi Mafunda, "kwa hiyo na mie nimo." Kisha akaacha kutania. "Sikilizeni. Sufuria ni moja, halikatwi. Na atakayelichukua amechukua na kazi. Kukoroga naweza, kuonja siwezi tena. Huyo ndiye atakuwa ulimi wangu siku zote nilizobakishiwa."

Halua imeanza kung'aa. Ikikaa zaidi itaungua, lazima mtu aonje sasa hivi. Bi Mafunda amechota kwa mwiko, ameupoza kwa pumzi yake, ameunyoosha mbele. Midomo mitatu imefunguka.

Mimi jibu langu nimelibadilisha mara tatu tangu nilipoanza kuongea. Haya, ninyi mliokwisha kutafuna: ule mwiko, mngemlisha nani?