Nili Iliyoingia Kabla ya Ushuru

Inasimuliwa, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika mji wa Wasit alikuwako mchamungu aitwaye Utaiba bin Rafii, muuza nili, ile rangi ya buluu itokayo Bara Hindi. Miaka thelathini alikuwa na shauku moja: kuiona Al-Kaaba. Kila mwaka aliusindikiza msafara wa mahujaji hadi kisima cha nje ya mji, kisha akarudi akilia, kwa kuwa uwezo haukutosha.

Mwaka mmoja liwali akaongeza ushuru wa forodha kwa bidhaa zote za ng'ambo. Nili ikapanda bei mara tatu. Watia rangi wengi wakafunga karakana zao; waliobaki wakamtwika mnunuzi mzigo, hata maskini akashindwa kumvisha mwanawe nguo ya Idi. Ghalani kwa Utaiba mlikuwa na magunia ishirini yaliyoingia kabla ya amri ile.

Jirani yake Dirari akamwambia, "Ewe ndugu yangu, riziki imekujia mlangoni! Uza kwa bei ya leo, na mwaka huu utaigusa Nyumba kwa mkono wako. Wala si haramu."

Haramu haikuwa, naye alijua. Moyo ukamruka kwa furaha, akaanza kufunga mizigo ya safari.

Asubuhi akaja Bi Khawla, mjane mtia rangi, kutaka gunia moja. Alipotajiwa bei ya leo akashusha pumzi. "Sina la kukulaumu, bwana wangu. Ushuru umetuumiza sote, nawe hukusalimika. Mola akufidie."

Utaiba akainamisha kichwa kwa haya. "Usiniombee, bibi. Ushuru huo mimi sikuulipa. Chukua kwa bei ya zamani."

Magunia yote akayauza vivyo hivyo, moja kwa kila karakana, walanguzi wasiyafikie. Msafara ulipoondoka aliusindikiza hadi kisimani, akasimama akiutazama mpaka vumbi lake likatua. "Mola wangu," akasema, "Wajua ninavyoitamani."

Hakujaaliwa kuiona. Alipofariki, watia rangi ndio waliomlaza kaburini kwa ubavu wa kulia, wakauelekeza uso wake Makka.

Ndugu zangu, kila nisimuliapo kisa hiki machozi hunilenga. Mimi ningekuwa yeye, nachelea ningeipokea dua ya yule mjane, na bei ya leo pia.