Hapa Kuna Mtu

Wapendwa, kaeni vizuri, leo nawarudisha shule. Na wewe baba unayeanza kusinzia, wewe hasa, maana nasikia hata enzi zile ulikuwa unasinzia.

Kulikuwa na binti mmoja wa kidato cha pili. Wazazi wake walihama mji, naye akahamia shule mpya. Hakumaliza hata muhula, akasema, "Mama, shule basi. Siendi tena."

Weee! Nyumba ikawaka moto. Baba akasema ni hesabu zimemshinda, akamtafutia mwalimu wa tuisheni. Mama akasema hapana, ni viatu vimechoka, akamnunulia vipya. Shangazi akafunga safari kutoka mbali, na kabla hata ya kunywa chai akatangaza, "Hapa kuna mvulana!" Wakamhoji, wakamwombea. Binti akafua sare yake, akaikunja, akaiweka juu ya kabati.

Sasa mambo ya shule mnayajua. Mtoto akiacha, wa kwanza kubisha hodi si mwalimu, ni yule anayetaka sare. Uongo? Basi Jumamosi akaja msichana wa darasa lao, mcheshi, mdomo haufungi, sketi yake imetiwa viraka mpaka hujui kitambaa cha kwanza kilikuwa kipi.

"Shikamoo mama. Nimesikia mwenzetu ameacha shule, poleni sana. Eti, ile sketi yake mtaifanyia nini?"

Mama karibu amtoe na mwiko! Lakini binti akaingia ndani, akaileta sketi, akampa. Yule mcheshi akaipima kiunoni, akazunguka kama bibi harusi. Halafu, kwa kuwa mdomo wake haujui kutulia, akauliza, "Kwani ulishindwa nini? Mbona akili unazo?"

"Sikushindwa. Sina pa kukaa."

"Darasa lote lile?"

"Kila dawati nikifika nakuta begi. Nikiuliza, naambiwa hapa kuna mtu. Nasimama ukutani mpaka mwalimu aingie, awaambie wasogee nikae. Kila siku hivyo hivyo. Nimechoka."

Yule mcheshi akanyamaza. Jamani, anayemfahamu angempeleka hospitali! Maana begi la kwanza kabisa, siku ile mgeni alipoingia, lilikuwa lake. Na hapakuwa na mtu. Alipenda tu kujinafasi.

Akaanza kuikunja ile sketi polepole. "Shika sketi yako," akasema. "Jumatatu nakupitia. Begi langu litakaa chini."

"Na wewe utavaa nini?"

"Hii hii yangu. Viraka vyenyewe vimeshanizoea."

Jumatatu wakaenda pamoja, wanacheka njia nzima, na binti hakuacha shule tena. Ni tuisheni iliyomrudisha? Hapana. Ni viatu? Hapana. Ni shangazi? Shangazi mpaka leo anamtafuta mvulana.

Mnacheka. Chekeni, ni vizuri. Sisi mtoto akirudi nyumbani tunamuuliza, "Umepata ngapi?" Nani kati yetu amewahi kumuuliza, "Leo ulikaa na nani? Na nani hakuwa na wa kukaa naye?" Tunadhani mtoto anaacha masomo, kumbe anakimbia upweke. Na hao wenzake, lile neno "hapa kuna mtu" wamejifunzia wapi? Kwa nani?

Ngoja niwaambie. Wakati wa wimbo wa kwanza, aliingia mama mmoja mgeni kwa mlango ule wa nyuma. Mimi nilikuwa nimekaa hapa mbele, namwona. Akafika benchi moja, akaambiwa kitu. Akaenda benchi lingine, akaambiwa kitu. Mpaka sasa ninavyosema amesimama pale ukutani, na mtoto mgongoni.

Kwa hiyo mimi leo simalizi mahubiri. Nimenyamaza hapa, nasubiri mikoba ishuke chini.