Pikapu Iliyokula Mafuta

Wapendwa, acheni niwasimulie habari za mkulima mmoja wa viazi. Kama yumo mwenye gari humu ndani asininunie, sijamtaja mtu.

Mkulima huyu alijinyima misimu kadhaa, akanunua pikapu. Si vile vigari vidogo tulivyozoea. Pikapu hasa, pana, ya milango minne, ikipita njiani hata ng'ombe wanapisha. Muuzaji alimwambia kwamba lita moja itampeleka kilomita kumi na mbili. Mkulima akaishika ile kumi na mbili kama amri kutoka mbinguni. Kisha akamwajiri dereva, baba wa watoto, mtu mtaratibu, awe anampelekea viazi mjini.

Mwezi haujaisha, akaona maajabu. Lita moja haifiki hata kilomita sita! Akalipeleka gari kwa fundi, fundi akasema injini ni nzima. Akabadilisha sheli ya kuwekea mafuta, wapi, hali ni ileile. Basi moyo ukaanza kumtuma vibaya, maana mnajua yanayosemwa juu ya madereva wetu: mpira wa kunyonyea mafuta, dumu, na kona isiyo na watu. Dereva alijaribu kumweleza kuwa mzigo ni mkubwa na milima ni mikali. Mkulima akaona hizo ni ngonjera tu. Mbona muuzaji hakutaja milima?

Siku ya mnada, watu wamefurika, magari yanapakiwa, akamnyang'anya funguo mbele ya wote.

"Mafuta yangu unayanyonya wewe," alisema, na hakushusha sauti. "Kuanzia leo usiliguse gari langu."

Dereva alichukua koti lake kwenye kiti, akaenda zake, watu wakamsindikiza kwa macho. Niwaulize, wapendwa: dereva akishaitwa mwizi wa mafuta mnadani, nani atampa gari tena? Na watoto wake watakula nini?

Kesho yake mkulima akashika usukani mwenyewe. Aliweka mafuta kwa hesabu ya muuzaji, na akiba kidogo juu yake. Akapakia viazi, na magunia yetu mnayajua, lumbesa. Gunia linajazwa hadi shingoni, halafu linashonewa kofia, na kofia nayo inajazwa. Mdomoni tunasema gunia moja, muulize anayelibeba. Juu ya lumbesa akaweka mbao za shemeji yake, kwa sababu shemeji hakataliwi, na mahindi ya mama mkwe. Njiani akawapakia majirani waliompungia mkono. Angewaachaje? Mwenye gari akiwapita watu bila kusimama, siku akifiwa atazikiwa na nani?

Mlima wa kwanza gari likapanda likinguruma. Katikati ya mlima uliofuata likakohoa, likazima. Tangi kavu, na mji bado uko mbali.

Akashuka, akachungulia chini kama kuna tobo. Hakuna. Akazunguka nyuma, akayatazama magunia, mbao, na watu waliokaa juu wakimwonea huruma. Mwizi hakuwepo. Ile kumi na mbili ilikuwa ya gari tupu, kwenye lami, tambarare. Na aliyelijaza gari kila safari alikuwa yeye mwenyewe. Msimcheke, alikuwa mtu mwema, na machozi yalimlenga palepale barabarani.

Aliporudi hakula wala hakuoga. Alikwenda kwa dereva, akamkuta nyuma ya nyumba akifyatua matofali ya watu, kwa kuwa ndiyo kazi aliyobakiwa nayo. Wakaingia jikoni, wawili tu. Mkulima akapiga magoti, akaeleza yote, akakiri kwamba amemkosea, akamnyooshea funguo. Dereva akamwinua.

"Mzee, nimekusamehe, na Mungu anajua nimekusamehe," alisema. "Ila mwizi uliniita mnadani. Radhi unaniomba jikoni."

Wapendwa, sasa tujitazame sisi.

Sisi tunapimana kwa kipimo cha gari tupu. Mama fulani siku hizi haonekani kwenye jumuiya, tunasema amepoa kiimani. Nani alikwenda kuuliza ana mgonjwa gani ndani? Kijana fulani amechoka mapema, tunasema mvivu, wakati ukoo mzima umemkalia mgongoni, na sisi tumo humo juu yake. Mungu anaujua mzigo wa kila mtu. Sisi hatuujui, na kuuliza hatuulizi.

Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni hili: tukishajua kwamba tumekosea, tunatafuta jiko. Tunavizia pasipo na watu, tunanong'ona radhi, tunarudi nyumbani mioyo imetua. Yetu imetua. Jina la mwenzetu tumeliacha kulekule tulikolitupa, linakanyagwa.

Mnada wetu ni Jumatano. Mwenye jina la mtu la kuokota, aende Jumatano, watu wakiwa wamejaa.