Halua ya Bwana Suwedi

Palikuwa na mpishi wa halua mjini Wete, Bi Mize, aliyehifadhi siri ya mapishi yake katika kompyuta ya nyumbani. Siku moja mwenye nyumba, Bwana Suwedi, alimjia na kumwamuru, "Iondoe programu ya ulinzi uliyoichagua, usakinishe hii yangu. La sivyo, hama!"

Bi Mize alitambua mara moja kwamba programu hiyo, mlinzi kwa jina tu, ilikuwa jasusi.

"Ewaa, Bwana," akajibu kwa upole. "Niache kwanza nipange vitu vyangu, kisha njoo uisakinishe kwa mkono wako."

Bwana Suwedi akaja, akaisakinisha. Harusi ya bintiye ilipowadia, aliwakirimu wageni halua aliyoipika mwenyewe. Walipoitafuna, meno yakagandana, hata shehe akashindwa kuomba dua. Bwana Suwedi akamwendea Bi Mize mbele ya wote.

"Mwanamke we, mapishi yako yameniaibisha!"

"Mapishi yapi, Bwana? Nilikupa lini?"

Bwana Suwedi akaanza kurudi nyuma.

"Yangu nimeyaweka kichwani," akasema Bi Mize. "Uliyoyaona kwenye kompyuta ni ya gundi ya majalada ya vitabu, niliyoitia sukari na kuiita halua, nikimngojea atakayeingia bila hodi. Kesho njoo umchukue mlinzi wako."

Wageni walitamani sana kucheka, ila vinywa havikufunguka.