Kisima cha Fuko

Paukwa!
Pakawa!
Mbona mnaitikia kama mna njaa? Paukwa tena!
Pakawa!

Haya, sogeeni. Hapo zamani za kale mto ulikauka, wanyama wakachimba kisima. Kila mmoja na kazi yake. Kima aliteka maji kwa kibuyu. Kanga alipanga foleni, na foleni ya Kanga huivunji. Ngiri alichimba, kwaru kwaru, kwaru kwaru, vumbi tupu, wenzake wakimshangilia. Na Fuko? Fuko alikaa chini ya ardhi, akimgongea Ngiri pa kuchimba. Ngo ngo ngo, hapa. Hakuna aliyemwona.

Siku moja Pofu, yule swala mwenye umbo la ng'ombe, mkubwa wa mbuga ya pili, akamwita Ngiri akawe mkuu wa wachimbaji. Mkuu, jamani! Moyo wa Ngiri du du du, mkia umesimama wima. Ila Pofu alitoa sharti: maji yaonekane kwake siku hiyohiyo, kabla jua halijazama, la sivyo kazi atapewa Nyegere.

Sasa pale kisimani palikuwa na desturi. Anayeacha kazi humwendea kila mwenzake palepale alipo, wakafanya kazi pamoja kidogo, kisha mwenzake akamwachia neno moja la kazi yake. Huko ndiko kuaga.

Ngiri akaaga mbio mbio. Akateka kibuyu kimoja na Kima, akaambiwa kibuyu huzamishwa kwa ubavu. Akapanga foleni na Kanga, akaambiwa wenye watoto watangulie. Kanga akalia kidogo. Wakaimba, wakacheza, Ngiri huyoo, tifu tifu tifu. Fuko hata hakumkumbuka.

Kwa Pofu wanyama wamejaa, vibuyu mikononi. Ngiri akachimba. Vumbi. Akachimba kwingine. Vumbi. Shimo la tatu, jiwe, ko! Jua linainama, Nyegere anacheka chini chini. Kule alikotoka nafasi yake imeshachukuliwa na Muhanga. Ndipo Ngiri akakumbuka ile ngo ngo ngo ya Fuko. Miaka yote aliyojisifu, hakuwahi kuchagua pa kuchimba hata siku moja.

Akageuka, tifu tifu tifu, mpaka kisimani. Ngiri huingia shimoni kinyumenyume, lakini siku hiyo aliingia kichwa kwanza. Fuko alikuwepo, kazi hajaigusa tangu asubuhi.

"Nimekuja kukuaga, ndugu yangu," akasema Ngiri. "Nimechelewa, na naona haya."

"Niliwasikia mkiimba huko juu," akasema Fuko. "Nikanawa mikono, nikakungoja. Imeniuma, Ngiri."

Ngiri hakujitetea. Habari za maji hakuuliza. Akapiga magoti, wakachimba pamoja, bega kwa bega, na jua huko nje linakwenda. Ndipo Fuko akatoa neno lake.

"Laza shavu chini. Penye ubaridi, chimba hapo. Haya nenda, utachelewa."

Ngiri mbio! Akalaza shavu hapa, moto. Pale, moto. Kando ya jiwe, baridi. Kwaru kwaru, kwaru kwaru, chubwi! Maji! Vigelegele mbuga nzima. Pofu akasema kisima kiitwe cha Ngiri. Ngiri, matope mpaka masikioni, akakataa. Akasema kiitwe Kisima cha Fuko, na ndivyo kilivyoitwa, ingawa walioteka pale hawakuwahi kumwona fuko maishani mwao.

Basi sikilizeni, wakubwa kwa wadogo: ukiacha kazi, muage hata yule ambaye kazi yake haionekani. Huenda ndiye aliyekubeba.

Hadithi yangu imekomea hapo. Mwenye kiu akanywe.